Bomba kuu la maji machafu linapita kando ya mtaro wetu: wakaazi wapewe taarifa gani, lini na kwa njia ipi?

mjumbe_wa_shehia aliuliza:

Assalamu alaikum. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa miradi ya maji machafu na kazi za jamii.

Shehia yetu iko Ng'ambo, mjini Unguja, pembezoni mwa mtaro mkuu unaoteremsha maji ya mvua pwani. Kando ya mtaro huo litalazwa bomba kuu la maji machafu la milimita 600, kina cha mita tatu mpaka nne, kuanzia kituo cha pampu karibu na bahari na kupanda juu kwetu. Kamati ya shehia imeombwa isaidiane na afisa jamii wa mkandarasi kuwapasha habari wakaazi. Tulicho nacho mpaka sasa ni bango moja lenye jina la mradi, na karatasi ya ratiba iliyojaa namba kama "0+350 mpaka 0+420" ambazo hata sisi wanakamati hazituelezi kitu.

Nyumba nyingi upande wetu ni kongwe, za mawe na chokaa. Kuna visima vinavyotumika. Kuna wapangaji wengi ambao wenye nyumba zao hawakai hapa. Na kwenye ukingo wa mtaro kuna meza za samaki, mboga na mabanda ya chapati.

Juu ya hayo, wapimaji walipita wakapaka alama nyekundu kwenye kuta kadhaa. Tangu hapo watu wanasema nyumba zinavunjwa, na wengine washaanza kuhamisha vyombo. Tuanzie wapi?

---

mhandisi_wa_mitaro alijibu:

Waalaikum salaam ndugu. Anzeni na hiyo rangi, leo hii, kabla ya kupanga mkutano wowote. Kwetu alama nyekundu ukutani ina maana moja tu kwa mwananchi, nayo ni kubomolewa. Mpimaji yeye mara nyingi anaweka alama ya usawa wa kupimia kimo au ya mahali mstari wa bomba unapopita. Mtakeni mhandisi wa mradi aorodheshe kila alama na maana yake, kisha afisa jamii na sheha wapite mlango kwa mlango kwenye nyumba hizo tu, wamuoneshe mwenyewe alama yake na kumwachia karatasi iliyosainiwa. Kama kweli ipo nyumba au ukuta utakaoguswa, aambiwe mwenyewe kwanza, faragha, na mwenye mamlaka ya kuzungumzia fidia awepo. Asilisikie mkutanoni. Na kuanzia sasa wapimaji watumie misumari yenye kipande cha bati chini, au rangi ya buluu barabarani. Wasiguse kuta za watu.

Sasa zile namba. Tarakimu iliyo kabla ya alama ya kujumlisha ni kilomita, zilizo baada yake ni mita, zote zikihesabiwa kutoka mwanzo wa mstari. Kwenu mwanzo ni kituo cha pampu, kwa sababu bomba linalotiririka kwa mteremko hulazwa kutoka chini kwenda juu, ili maji yanayoingia handakini yawe na pa kutokea. Kwa hiyo "0+350 mpaka 0+420" ni kipande cha mita sabini kinachoanza mita 350 kutoka pampu. Chukueni utepe mrefu, tembeeni na mpimaji mstari mzima, na kila mita 50 andikeni mnachokiona: msikiti, tangi la maji, duka, mwembe, daraja. Hiyo ndiyo ramani yenu. Taarifa yoyote kwa wakaazi iseme "baina ya msikiti na tangi la maji", isiseme namba kabisa.

Tarehe ndizo zinazoharibu imani kuliko kitu chengine. Mkandarasi atatoa ratiba ya miezi, na haitatimia. Kijiko (mashine ya kuchimbia) kikienda vizuri kwenye mchanga kinaweza kukutana na mwamba wa matumbawe, kikasimama kungoja nyundo ya kuvunjia. Bomba la maji lisilo kwenye ramani linapasuka. Mvua inaingia. Kwa hiyo msitangaze tarehe moja miezi miwili kabla. Toeni taarifa tatu kwa kila kipande:

Ya kwanza, wiki nne kabla: majira tu, mfano "nusu ya pili ya Julai", pamoja na kueleza nini kitafungwa. Hii ni ya kumsaidia mtu kupanga harusi, kuleta matofali, kuhamisha gari.

Ya pili, siku saba kabla: siku ya kuanza, saa za kazi, njia ya kupita.

Ya tatu, saa 48 kabla ya kukata maji au kufunga mlango wa mtu. Hii ya mlango haibandikwi, anaambiwa mwenyewe mdomoni.

Siri ya taarifa ya pili kuwa ya kweli ni kutoichukua kwenye ratiba ya ofisini. Ichukueni kwa foromani, kwenye kikao cha kila wiki anachopanga mafundi wake. Mjumbe mmoja wa kamati akae kwenye kikao hicho, hata dakika ishirini. Yeye ndiye atakayejua kuwa mabomba hayajafika au pampu imekufa, na kwamba Jumatatu haitakuwa Jumatatu.

Mfano wa taarifa ya siku saba, iwe ukurasa mmoja, herufi kubwa:

"KUANZIA JUMATATU, baina ya msikiti na tangi la maji, njia ya kando ya mtaro imefungwa kwa magari. Wapitao kwa miguu watumie daraja la mbao mbele ya duka la mkaa. Kazi ni saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Pampu ya kuvuta maji itafanya kazi usiku na mchana. Maji ya bomba yatakatwa Jumatano saa tatu asubuhi mpaka saa tisa mchana, jazeni vyombo Jumanne usiku. Mgonjwa, mama anayekwenda kujifungua au jeneza: pigeni simu hii saa yoyote, mlinzi atafungua njia. Tarehe ikibadilika, karatasi ya manjano itabandikwa juu ya hii kabla ya Jumamosi magharibi."

Angalieni mstari wa mwisho. Mtu anakubali kucheleweshwa akiambiwa. Akikaa na ndoo zimejaa tangu usiku na maji yasikatwe, kisha yakakatwa Ijumaa bila ya kuambiwa, taarifa yenu ya mara ya pili hataisoma.

Jambo la bahari msilisahau, kwa vile mnaanzia pwani. Handaki lililo karibu na bahari, maji yake ya chini hupanda na kushuka pamoja na maji ya bahari. Siku za bamvu, baada ya mwezi kuandama na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kukauka hapa Unguja inafika kama mita nne, na maji hujaa kwenye saa kumi na hukauka kwenye saa nne, mchana na usiku. Mkandarasi mwenye akili atachimba kina kirefu cha pwani wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haikauki sana. Akilazimika kufanya siku za bamvu, atataka kutumia ukavu wa saa nne usiku. Mwulizeni mapema, mkiwa na kalenda ya mwezi mkononi, ili watu wa kipande hicho wajue usiku gani kutakuwa na kelele.

Na mvua. Ili afanye kazi ukingoni atafunga nusu ya mtaro kwa mifuko ya mchanga. Mvua kubwa ikikutana na bamvu saa kumi, maji hayana pa kwenda, yanarudi majumbani. Taarifa ieleze nani anaondoa mifuko, kwa mashine gani, na namba ya kumpigia hata saa tisa usiku. Urefu wa handaki linaloachwa wazi kwa mara moja nao uandikwe. Ombeni lisizidi umbali baina ya chemba mbili (mashimo ya ukaguzi yenye mfuniko), na kila kipande kifukiwe kabla ya kufungua chengine.

---

bi_wa_mahusiano alijibu:

Nakubaliana na mhandisi kwa mengi. Nitaongeza upande wa njia za kufikisha ujumbe, maana hapo ndipo miradi mingi inapoamini imewaambia watu na watu hawajui kitu.

Mkutano wa hadhara kwa sheha ni lazima, lakini hautoshi. Ukiitwa saa nne asubuhi watakuja wazee. Ukiitwa baada ya magharibi, kinamama wako jikoni. Fanyeni viwili: mmoja wa wote, na mwengine wa wanawake peke yao baada ya alasiri, kwenye ukumbi wa skuli au kibarazani kwa mmoja wao, na mzungumzaji awe mwanamke anayejua kazi yenyewe. Maswali ya maji, ya watoto kwenda chuoni (madrasa) na ya takataka yanatoka kwenye mkutano huu wa pili. Kwenye ule wa kwanza mara nyingi mtaulizwa fidia na ajira. Jibuni ya ajira kwa uwazi: nafasi ngapi za vibarua, nani anaandikisha, mtu apeleke nini. Mkilikwepa, mradi mzima utaitwa wa wageni.

Wapangaji. Sheha ana daftari la wakaazi, basi gaweni orodha mbili, anayeishi na anayemiliki. Taarifa ya kelele na maji ni ya anayeishi. Ukaguzi wa nyufa na ruhusa ya kuunganisha choo ni ya mwenye nyumba, na kama yuko Dar au Maskat anahitaji muda wa kumteua mtu wa kumsainia. Wiki nne hapo ni chache, mpeni miezi miwili.

Grupu la WhatsApp liwe la matangazo tu, wanaotuma ni wasimamizi watatu. Grupu la wazi likifika watu mia mbili, taarifa ya kukatwa maji inazama chini ya salamu za asubuhi na dua. Maswali yaende kwenye namba moja. Tumieni sauti iliyorekodiwa isiyozidi dakika moja pamoja na picha ya ile karatasi, kwa sababu wapo wasiosoma na wapo wasiofungua sauti kazini. Gari la kipaza sauti mimi silipendi kwa taarifa za kawaida, halisikiki vizuri na linapita mara moja tu. Liacheni kwa dharura, na lisipite wakati wa adhana wala darsa. Msikitini ombeni imamu asome taarifa baada ya swala ya Ijumaa, iwe imeandikwa sentensi tatu tayari. Msimwachie aieleze mwenyewe.

Mabango yawekwe pale watu wanaposimama: kisimani, penye meza za samaki, kituo cha daladala. Yafunikwe kwa nailoni na kuwekwa kimo cha macho. Bango lililopitwa na wakati liondolewe siku hiyo hiyo. Matangazo matatu yenye tarehe tatu tofauti kwenye ukuta mmoja ni mabaya kuliko kutokuwa na tangazo.

Malalamiko sasa, na hapa naomba mshikilie. Kila lalamiko liandikwe kwenye daftari lenye kurasa zenye namba: tarehe na saa, jina kama mtu ataka kulitaja, mahali, kinachodaiwa. Mlalamikaji aondoke na kipande cha karatasi chenye namba hiyo hiyo. Wekeni muda: kupokea siku hiyo hiyo, jibu la kwanza ndani ya siku tatu, suluhisho au sababu ya kuchelewa ndani ya siku kumi na nne. Ya hatari (handaki limeachwa bila uzio, mfuniko umetoka, ukuta umepasuka ghafla) yasingoje siku, mtu afike ndani ya saa mbili. Daftari liwe kwa sheha, na nakala kwa afisa jamii. Likiwa kambini kwa mkandarasi peke yake, mama muuza mboga hatalifikia, atamkuta mlinzi getini. Na kila wiki bandikeni jumla: mangapi yamekuja, mangapi yamekwisha, mangapi bado.

Kama fedha za mradi zinatoka Benki ya Dunia, hii si hisani. Kiwango cha kumi cha mazingira na jamii cha benki hiyo, ESS10, kinataka mradi uwe na mpango wa kuwashirikisha wadau na njia ya kupokea malalamiko, na mpango huo uwekwe wazi kwa umma. Ombeni nakala. Mfadhili akiwa mwengine, ulizeni masharti yake. Na kwa sheria zetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya 2015 ndiyo inayosimamia tathmini ya athari za mazingira, na mwenye kuisimamia ni ZEMA, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Ripoti ya tathmini hiyo ina jedwali la hatua ambazo mkandarasi ameahidi: vumbi, kelele, saa za kazi, uzio. Jedwali hilo ndilo silaha yenu. Litafsirini kwa lugha nyepesi mlibandike.

Wenye meza na mabanda wahesabiwe sasa, kila mmoja na picha yake akiwa mezani pake, urefu wa meza na anachouza, kisha tangazeni siku ya mwisho ya kuhesabu. Msipofanya hivyo, siku ya malipo mabanda yatakuwa yameota mara tatu. Pahala pa muda wapewe kabla ya kuondolewa, si baada. Na muuza samaki apewe karibu na maji na wateja wake, maana ukimpeleka nusu kilomita ndani, umemfukuza.

Mfano mmoja wa nje, kwa ukubwa tu. London wamejenga handaki la maji machafu la Thames, Tideway, kilomita 25, kipenyo mita 7.2, likipita kwa sehemu kubwa chini ya mto. Ujenzi ulianza 2016 na mifereji yote ikaunganishwa Februari 2025. Kazi ilikuwa na maeneo 24 ya ujenzi, mengi kando ya mto na majirani wake. Walikuwa na simu inayopokelewa saa 24, siku saba, na karatasi za taarifa zilitolewa kwa kila eneo peke yake. Handaki hilo na bomba lenu la milimita 600 hayafanani, lakini mambo hayo mawili yanachukulika: simu inayopokelewa na mtu mwenye uwezo wa kumwamsha foromani, na taarifa ya mtaa wako badala ya taarifa ya mradi mzima.

---

fundi_mawe alijibu:

Wenzangu wamesema vizuri. Mimi nitasema ya nyumba na visima.

Nyumba ya mawe na chokaa haina nguzo za zege. Inasimama kwa uzito wa kuta zake, na mtetemo unalegeza chokaa kati ya mawe. Pampu nayo inashusha maji ya ardhini, mchanga unakaa chini, na msingi mfupi unafuata. Kwa hiyo ukaguzi wa hali ya nyumba ufanywe kabla kijiko hakijafika, si baada ya lalamiko la kwanza. Kwa handaki la kina cha mita nne, umbali wa mita nane kutoka ukingoni ndio wa chini kabisa. Palipo na kuvuta maji, ingizeni safu nzima ya kwanza ya nyumba na ya pili.

Ukaguzi wenyewe: kila chumba, kila ukuta, nje na ndani. Kila ufa upigwe picha na rula pembeni na karatasi yenye namba ya nyumba. Ncha za ufa ziwekwe mstari wa penseli na tarehe, ili ukirefuka uonekane. Nyufa kubwa zipigwe kiraka chembamba cha jipsamu, urefu wa sentimita kumi hivi, kikikatisha ufa. Ukuta ukisogea kiraka kinapasuka, jipsamu haina huruma. Karatasi zisainiwe na mwenye nyumba, mkandarasi na sheha, nakala moja ibaki nyumbani. Bila ya nakala hiyo, mwenye nyumba ataambiwa ufa ulikuwepo tangu zamani, na mkandarasi naye atadaiwa nyufa za miaka hamsini. Inawalinda wote wawili, na ndivyo mwaelezee watu, maana wapo watakaokataa kufungua mlango wakidhani ni upimaji wa kodi au wa kuvunja.

Kufukia: udongo urudishwe kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ishindiliwe kwa mashine ndogo. Roli la mtetemo lisiwashwe mtetemo mbele ya nyumba hizi. Wakaazi waambiwe wazi kwamba masika ya kwanza ndiyo mtihani wa kufukia, na njia ikibonyea waripoti, mkandarasi angali kwenye muda wa matazamio, yaani bado anawajibika kurekebisha kasoro.

Visima: shusheni utepe wenye kitu kizito, mwandike kina cha maji kutoka ukingoni, kabla ya kazi na kila wiki wakati wa kazi, saa ile ile ya bamvu au maji mafu ili mlinganishe sawa. Karibu na pwani pampu ikivuta sana, maji ya chumvi yanasogea ndani. Ulizeni mradi una kipimo cha chumvi na utaleta maji kwa gari kisima kikiharibika, lita ngapi kwa nyumba kwa siku. Jibu liandikwe.

Sehemu yoyote ya mstari ikigusa Mji Mkongwe, Mamlaka ya Uhifadhi wa Mji Mkongwe ihusishwe kabla ya kuchimba.

---

mjumbe_wa_shehia aliandika tena:

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Rangi tumeanza nayo, sheha na afisa jamii wanapita kesho.

Mawili yamebaki. Kwanza, nyumba kadhaa zimetoa mabomba ya vyoo moja kwa moja mtaroni. Wenyewe wanaogopa kuwa wakijitokeza watatozwa faini, basi hawataki hata kukaguliwa. Pili, wenye makaro (mashimo ya maji ya choo) wanauliza wakishaunganishwa karo wafanye nini. Na Ramadhani je?

---

bi_wa_mahusiano alijibu:

La kwanza lina jibu moja tu: Baraza la Manispaa litoe barua kwamba anayejiandikisha kuunganishwa kabla ya tarehe fulani hatatozwa kwa bomba lake la zamani. Msiahidi nyinyi kwa midomo, hamna mamlaka hayo. Barua ikipatikana, isomeni kwenye mkutano na kuibandika. Isipopatikana, semeni ukweli kuwa haijapatikana. Na katika mkutano msitaje nyumba ya mtu, hata kwa mfano.

Ramadhani ya 2027 inatarajiwa karibu na tarehe 8 Februari, kwa mwandamo. Ikimalizika Machi masika yanabisha hodi. Kwa hiyo shinikizeni vipande virefu vifanywe kipupwe, Juni mpaka Septemba. Kwa kazi itakayoangukia Ramadhani, mashine zizimwe saa kumi jioni, daraja la kupitia liwe na taa kwa ajili ya tarawehe, na maji yasikatwe baada ya adhuhuri kwa hali yoyote, watu wanapika futari.

---

fundi_mawe alijibu:

Kabla ya karo, suala la kuunganisha, kwa sababu likikosewa handaki litafukuliwa tena.

Kila mwenye nyumba aulizwe sasa bomba la choo linatoka wapi, na chemba ya nyumba iwekwe upande huo. Bomba la milimita 110 lipewe mteremko wa sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Choo kikiwa mita 12 kutoka chemba, bomba linashuka sentimita 30, na chemba lazima iwe na kina cha kulipokea. Nyumba ambayo sakafu yake iko chini ya mfuniko wa chemba ya barabarani iwekewe vali ya kuzuia maji kurudi, ama sivyo, siku bomba kuu litakapoziba, uchafu wa mtaa utatokea chooni mwake. Orodha ya nyumba hizo ifanywe na mpimaji, kwa sababu jicho linadanganya.

Maji ya paa yasiunganishwe humo. Waambieni watu kwa mkazo, maana wengi wataona bomba jipya ni nafuu ya kila kitu. Paa moja wakati wa masika hutoa maji mengi mara nyingi kuliko choo, chemba za chini zinafurika, na anayeumia ni jirani wa bondeni.

Karo: gari la kunyonya lije kwanza, litoe mpaka mwisho. Mwageni chokaa. Toboeni sakafu ya karo kwa nondo ndefu kutoka juu ili maji yasituame, kisha jazeni mchanga au kifusi kidogo kidogo huku mkimwagia maji kikae, mpaka juu, halafu mfuniko wa zege uvunjwe na kufukiwa. Karo tupu lililofunikwa tu huporomoka, na anayekanyaga juu yake kwa kawaida ni mtoto.

Asiingie mtu ndani, hata limekaa wazi siku mbili. Hewa ya humo inanuka kama yai viza mwanzoni, kisha pua inakufa na harufu huisikii tena, na hapo ndipo inapoua. Akianguka mmoja, wa pili asimfuate bila kamba na kifaa cha kupumulia. Jambo hilo liandikwe kwenye karatasi ya kuunganishwa, lielezwe skuli na chuoni, na liwekwe kwenye sauti ya WhatsApp siku ile gari la kunyonya linapoingia mtaani.

Gharama za kunyonya na kufukia ulizeni mapema ziko upande wa nani. Kama ni za mwenye nyumba, zitajwe kwenye taarifa ya kwanza kabisa, kwa kiasi, pamoja na majina ya wenye magari yenye leseni ya manispaa.